Reli ya stima inathaminiwa aje? Maswali yanayoulizwa sana Kisumu na Nakuru

Maswali haya huja kutoka kwa wanafunzi wa uchumi wa ardhi, watu wa kaunti, wenye mashamba kando ya reli kuanzia Njoro mpaka Kibos, na siku hizi karibu kila mtu akishasikia habari ya SGR, ile reli mpya ya upana wa kisasa, kuletwa Kisumu. Nimejibu vile huwa naongea, so lugha ya ripoti tuache kwa ripoti. Na nikisema stima namaanisha umeme, sio mvuke.

Kwani Kenya tuko na treni ya stima? Unathamini nini sasa?

Hatuna. SGR ya Mombasa–Nairobi iliyofunguliwa 2017 inavutwa na dizeli, na kile kipande cha kuendelea mpaka Suswa kilichofunguliwa 2019 ni dizeli pia, ingawa tangu mwanzo ilisemekana inaweza kuwekewa stima baadaye. Hii yetu ya zamani ya Nakuru–Kisumu, ile ya upana wa mita moja iliyokarabatiwa mpaka treni ya abiria ikarudi Kisumu 2021, hata nguzo moja ya waya haina.

Lakini angalia majirani. Addis Ababa walifungua treni ya mjini ya stima 2015, reli ya Ethiopia kwenda Djibouti ikazinduliwa 2016, na Tanzania SGR yao ya stima ilianza kubeba abiria 2024, kwanza Dar mpaka Morogoro halafu Dodoma. Siku hiyo kitu ikifika huku kuna mtu ataulizwa ina thamani gani, na ni afadhali huyo mtu awe ameanza kusoma sasa kuliko kungoja mgeni aje na laptop atuambie.

Thamani si ni ile pesa ilitumika kujenga?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotelea. Kuna pesa iliyotumika, kuna pesa ambayo ingetumika leo ukijenga tena, kuna bei ambayo mnunuzi angelipa, na kuna deni. Hizo ni hesabu nne tofauti na kila moja iko na kazi yake.

Chukua reli ya Uganda iliyofika Kisumu Desemba 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence. Iligharimu takriban pauni milioni 5.5. Hiyo namba iko kwa historia, ni ya kweli, lakini ukitaka kujua bima ya daraja moja kule Londiani leo itakuwa ngapi haikusaidii chochote. Upande wa pili SGR ya Mombasa–Nairobi watu wanataja Sh327 bilioni, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Exim Bank ya China, halafu mtu anasema basi reli ina thamani ya Sh327 bilioni. Mkopo unakwambia nani anadai nani. Kama kontrakta alilipwa zaidi ya ilivyostahili, chuma haikuwa nzuri zaidi kwa sababu hiyo, na kama alilipwa kidogo pia daraja ni lile lile.

Basi ni njia gani inatumika?

Kwa matatu ni rahisi, unaenda kwa yadi unaona ya mwaka huo huo inauzwa ngapi. Reli hakuna yadi yake. Hakuna mtu ameuza kilomita mia mbili za reli ya stima wiki jana ndio ulinganishe. Kwa hivyo wathamini wengi hutumia gharama: unauliza kujenga kitu cha kufanya kazi hiyo hiyo leo ni pesa ngapi, halafu unatoa uchakavu.

Angalia maneno hayo, kitu cha kufanya kazi hiyo hiyo. Kuna wale wa zamani walikuwa wanapiga gharama ya kujenga nakala kabisa, taruma kwa taruma (yale ya kulaliwa na vyuma vya reli). Siku hizi tunauliza mtu mwenye akili angejenga nini leo. Kama mtambo wa signali ni wa waya na levers za mkono, hakuna mtu atajenga hiyo tena, unathamini ya kisasa halafu unapunguza kwa sababu uliyonayo haiwezi kazi yote ya ile mpya.

Njia ya mapato pia ipo, unahesabu faida ya miaka inayokuja. Lakini hiyo inathamini biashara yote pamoja na leseni na wateja. Ukiambiwa uthamini mali inayoshikika peke yake, kaa kwa mali inayoshikika.

Mali inayoshikika ni gani haswa?

Hapa tukae kidogo kwa sababu hii ndio kazi yenyewe. Watu hufikiri kuthamini ni formula, kumbe asilimia kubwa ni kuhesabu vitu na miguu yako.

Chini kabisa kuna ardhi, halafu udongo uliochimbwa na kujazwa, mifereji, kalvati, madaraja. Juu yake kokoto, mataruma, vyuma vya reli, vifungo vyake na zile sehemu treni hubadilisha njia, ambazo ni ghali kuliko vile zinakaa. Stesheni, majukwaa, nyumba za wafanyakazi, ua, barabara za kuingilia. Karakana na mashine zake. Signali na mawasiliano. Treni zenyewe, injini na mabehewa. Stoo ya spea, hii husahaulika kila mara na inaweza kuwa na pesa nyingi sana.

Kwa reli ya stima ongeza familia nzima: msingi wa kila nguzo, nguzo yenyewe, mikono inayoshika waya, waya wa juu unaobeba, waya wa chini unaoguswa na pantografu ya treni (kile kifaa cha juu ya paa kinachochukua umeme), vining'inizo katikati yao, insuleta, uzani wa kukaza waya jua likiwaka na baridi ikija, swichi, sabstesheni (vituo vya kubadilisha msongo wa umeme) na transfoma zake, na nyaya za kurudisha umeme maana umeme ukishapita kwa injini unarudi kupitia reli, kwa hivyo hata vile viungo vya shaba kati ya reli na reli ni vya kuhesabiwa.

Nipe mfano wa kilomita moja.

Sawa, njia moja, upana wa kisasa. Reli ya kilo 60 kwa mita, ziko mbili, kilomita moja ni tani 120 za chuma. (Zile za kwanza za Uganda zilikuwa za kama kilo 25 kwa mita, so unaona vile dunia imesonga.) Mataruma yakikaa kila sentimita 60 ni kama 1,667. Nguzo zikiwa kila mita 50 ni 20. Waya wa kuguswa ukiwa na unene wa milimita 120 za mraba, wa shaba, kilomita moja ni kilo elfu moja na kidogo, unaweza kupiga mwenyewe kwa simu: uzito wa shaba ni karibu gramu 8.96 kwa kila sentimita moja ya ujazo.

Hizo namba ni nzuri kwa sababu zinakupa kitu cha kupingana nacho. Ripoti ikikwambia kilomita moja iko na tani 90 za reli ya kilo 60, mtu hakutembea.

Mbona usichukue tu vitabu vya hesabu vya shirika?

Chukua, lakini usiviamini peke yake. Vitabu vya hesabu vinaonyesha vitu vilivyonunuliwa, sio vilivyobaki. Sidingi, yaani njia ya pembeni ya kuegesha mabehewa, iling'olewa miaka iliyopita bado iko kwa rejista, na daraja lililojengwa upya limeandikwa kama ukarabati kwa hivyo halionekani kama mali. Halafu reli zetu zimepita mikono mingi, shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977, Kenya Railways ikaundwa 1978, kutoka 2006 kampuni binafsi ya Rift Valley Railways ikapewa kuendesha mpaka mkataba ukakatizwa 2017. Kila mara mali inapobadilisha mwendeshaji lazima kuwe na orodha ya kilichokabidhiwa na hali yake, na hiyo orodha ikiwa mbovu mwanzo, mwisho ni kesi tu, nani aliharibu nini.

Mimi huanza na ramani na rejista, halafu natembea au napanda trolley (kigari kidogo cha reli), halafu narudi kulinganisha. Droni inasaidia kwa nguzo na paa. Haisaidii kwa unene wa waya wala kwa kalvati iliyoziba.

Uchakavu unahesabiwa aje? Miaka tu?

Miaka ni mwanzo. Tuseme transfoma mpya ni Sh100 milioni, umri wake wa kazi ni miaka 40, imetumika 10, kwa hesabu ya mstari ulionyooka, yaani kutoa kiasi kile kile kila mwaka, imebaki Sh75 milioni. Simple. Lakini hiyo transfoma kama mafuta yake yamepimwa na ni safi na haijawahi kubebeshwa mzigo kupita kiasi, inaweza kuwa na zaidi, na kama ilipigwa na radi mara kadhaa, na tunajua radi ya upande wa Kisumu haina mchezo, inaweza kuwa na kidogo sana.

Reli haichakai kwa miaka, inachakaa kwa tani zinazopita. Na kwa kona. Ukishuka kutoka Mau Summit, pale juu ya mita 2,500, kuelekea Fort Ternan na Muhoroni, njia inajipinda vibaya na ile reli ya nje ya kona inaliwa haraka kuliko zile za tambarare ya Chemelil na Miwani. Ukiweka umri mmoja kwa laini yote umekosea pande zote mbili, na usifikiri makosa yatajisawazisha.

Ule waya wa kuguswa unapimwa unene kwa kifaa. Kwa kawaida ukishaliwa karibu robo ya shaba yake unabadilishwa, kwa hivyo uchakavu wake unahesabu kwa ile robo pekee, hauhesabu kwa waya mzima. Waya uliopoteza nusu ya hiyo robo umetumia nusu ya maisha yake ingawa ukiutazama kutoka chini unaonekana mpya kabisa.

Kuna uchakavu wa aina ingine?

Ndio, mbili. Ya kwanza kitu kipo kizima lakini kimepitwa. Ukiweka stima kwa laini, matangi ya dizeli na karakana ya injini za dizeli yanapoteza thamani siku hiyo hiyo, na hata madaraja yanayopita juu ya reli, yakiwa chini sana hayapitishi waya, inabidi yainuliwe. Ya pili inatoka nje kabisa ya reli, mzigo umepungua, barabara imeshinda, spea hazipatikani. Addis wako na treni 41 za mjini na nyingi zimewahi kukaa zimeegeshwa kwa kukosa spea. Chuma iko, mota iko, lakini ukiandika thamani ya treni inayotembea utakuwa unadanganya.

Udongo na tuta la reli nalo linachakaa?

Swali tamu hili na wahandisi wamegombana nalo zaidi ya miaka mia. Upande mmoja unasema tuta jipya hulala, linatitia, kokoto inazama, na baada ya miaka likishakaa ni bora kuliko jipya, kwa hivyo thamani inapanda. Upande wa pili unasema hiyo ni matengenezo yaliyoshalipwa kutoka kwa nauli, usimlipishe mteja mara mbili. Mimi hutuliza hivi: tuta lililokaa silitoi uchakavu mwingi, lakini siliongezi pesa juu ya gharama ya kujenga jipya. Kule ambako udongo ni mweusi wa kupasuka, kama tambarare ya Kano karibu na Kisumu, ongea na injinia kwanza.

Na hao wa zamani waliothamini reli walikuwa wakina nani?

Marekani sana sana. Mhandisi Frank Sprague alipofaulu na treni za stima mjini Richmond 1888, miji ikajaa makampuni ya treni za barabarani, halafu miji ikaanza kuuliza hizi kampuni zinalipisha nauli kwa mali gani haswa. Michigan mwaka 1900 mhandisi Mortimer Cooley aliongoza kuthamini reli za jimbo zima kwa ajili ya kodi. Chicago wakaweka watu wa kuthamini, mhandisi Bion Arnold akiwa mmoja wao na Cooley pia, na sheria za mji za 1907 zikasimama juu ya thamani waliyotoa: kampuni inapata asilimia 5 ya thamani hiyo kwanza, halafu faida inayobaki mji unachukua asilimia 55. Fikiria hapo, kila dola ukiongeza kwa orodha ya mali, kampuni inakula juu yake kila mwaka. Ndio maana waligombania mpaka misumari.

Mahakama yao ya juu kabisa ilikuwa imesema 1898 kwenye kesi ya Smyth na Ames kwamba nauli lazima izae faida ya haki juu ya thamani ya haki ya mali. Inasikika vizuri mpaka ufikirie kwamba thamani ya biashara inatoka kwa nauli, na nauli sasa inatoka kwa thamani, unazunguka tu. Ndio sababu watu wakakimbilia mali inayoshikika, kitu unaweza kuhesabu. Miaka 46 baadaye, 1944, kesi ya kampuni ya gesi ya Hope ikawaondolea huo mzigo, mahakama ikaangalia matokeo ya bei badala ya njia ya kuhesabu.

Ardhi ya reli mnaitoa bei gani? Si huwezi kujenga nyumba kwa ukanda wa mita thelathini.

Njia ya kawaida ni kuangalia ng'ambo ya ua. Kipande kinachopita kwa miwa ya Muhoroni kinapewa bei ya shamba la miwa jirani, kinachopita Molo bei ya shamba la Molo, na kikiingia Kisumu mjini karibu na ziwa kinapewa bei ya ploti za hapo, ambayo ni kitu ingine kabisa. Kuna wanaotaka kuongeza kitu juu, wakisema ukanda uliounganishwa tayari una thamani kuliko vipande vyake kwa sababu kuukusanya upya ni vita. Ni kweli ni vita, lakini mimi naonelea hiyo iandikwe kando, isifichwe ndani ya bei ya ekari.

Vibanda na nyumba za watu zilizo kwa ardhi ya reli sio mali ya reli. Usizihesabu. Ziandike tu, maana kuwahamisha ni gharama na mwenye kununua lazima ajue.

Reli ikipita kwa shamba yangu nitalipwa kwa thamani hii ya reli?

Hapana mzee wangu, hayo ni mambo mawili tofauti. Wewe unalipwa fidia ya shamba lako kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, katiba kifungu cha 40 inasema fidia iwe ya haki na ilipwe kwa haraka, na kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 juu ya bei ya soko kwa usumbufu. Thamani ya reli itakayojengwa juu yake haikuhusu, na kuna watu wanazunguka wakiambia wazee vingine. Mthamini wako mwenyewe awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini, uliza cheti bila aibu.

Laini ya stima ya kuleta umeme ni ya reli ama ya Kenya Power?

Inategemea mkataba, na hapa ndipo mali huhesabiwa mara mbili. Tanzania, TANESCO, shirika lao la umeme, ilijenga laini yake ya msongo wa juu kupeleka umeme kwa vituo vya SGR. Hiyo ni mali ya TANESCO. Huku ingekuwa KETRACO (kampuni ya serikali ya laini kubwa za umeme) ama Kenya Power mpaka mahali fulani, halafu kutoka hapo ni reli. Tafuta hilo mahali fulani, kwa kawaida ni kwenye swichi ama mita ya upande wa msongo wa juu, lipige picha, liweke kwa ripoti.

Pia uliza ni mfumo gani. Volti 25,000 za AC (umeme wa kubadilika mwelekeo) kama za Tanzania na ile ya Djibouti, sabstesheni zinakaa mbali, makumi ya kilomita. Volti 750 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kama treni ya mjini Addis, sabstesheni zinakaa kila baada ya kilomita chache, waya ni mnene, na umeme unaweza kutoroka kwa udongo ukala mabomba ya maji ya kaunti. Hayo mabomba sio mali yako lakini kesi yake itakuwa yako.

Treni ya stima ikishuka Mau si inarudisha umeme? Hiyo mnaongeza?

Inarudisha, ikifunga breki mota zinageuka jenereta. Lakini hiyo ni faida ya uendeshaji. Vifaa vinavyofanya hivyo vinahesabiwa ndani ya bei ya treni na sabstesheni, akiba ya bili haiingii hapa.

Shaba ikiibiwa je?

Unathamini kilichopo siku ya ukaguzi. Wizi tunaujua, Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima baada ya milingoti ya stima kuharibiwa. Kipande kisicho na waya kinapunguza thamani kuliko bei ya waya wenyewe, kwa sababu treni haipiti hapo, kwa hivyo gharama ya kurudisha, pamoja na kazi ya usiku na walinzi, yote inatolewa.

Bei ya skrepu nayo ni sakafu ya chini. Toa gharama ya kung'oa na kubeba kwanza, watu husahau, chuma iliyo chini ya bonde la Fort Ternan haijipeleki Nakuru.

Inachukua muda gani?

Miezi, kwa laini ndefu. Anayekuahidi wiki mbili anakopi rejista.

Nikiwekewa ripoti mezani, niangalie nini kwanza?

Ruka ukurasa wa jumla kuu. Tafuta tarehe ya thamani, tofauti na tarehe ya ripoti. Tafuta kusudi, kama ni bima, kodi, kuuza, nauli ama vitabu vya serikali, maana mthamini yule yule kwa laini ile ile anaweza kutoa namba tofauti kwa kila moja na zote zikawa sawa. Angalia kama gharama za injinia, wakili na riba ya wakati wa ujenzi zimeongezwa, na kwa asilimia gani, na kama asilimia hiyo imepigwa hata juu ya ardhi, ambapo mara nyingi haifai. Angalia mpaka wa stima, pale ya Kenya Power inaishia na ya reli inaanza. Halafu fungua orodha ya vitu mwishoni, chagua kilomita moja unayoijua, labda kati ya Kibos na Kisumu, chukua boda uende ukahesabu. Kama orodha haipo, usilipe ile sehemu ya mwisho ya malipo mpaka iletwe.